Upande wa Nyumbani

Wiki iliyopita niliwaacha wodini, kando ya kitanda cha mama, nikiwa nimetoka kusema uongo mbele yake.

Aliyekosa sehemu ile asihangaike, kisa ni kifupi. Mama yangu alipooza uso upande wa kushoto nikiwa mtoto wa darasa la pili. Mama wa mchumba wangu alipokuja kumjulia hali, alimtazama, kisha akaniinamia sikioni: "Mwenzetu alipatwa na nini usoni?"

Nikamjibu, "Ajali ya pikipiki, Mama. Zamani sana."

Nilidhani mama amelala. Kumbe alikuwa anasikia. Alivuta shuka mpaka kidevuni, akageukia ukutani, na mgongo wake ndio niliozungumza nao hadi muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.

Hakunisuta. Kesho yake kifua kilimzidi, akafariki kabla sijapata la kumwambia. Yeye akaenda zake. Uongo ukabaki mikononi mwangu, mzima kama yai, na mwenye kubeba yai hakimbii.

Leo nasimulia jinsi nilivyolitunza yai hilo mpaka likanivunjikia.

Ukweli wenyewe ni huu: kwetu nyuso hupooza.

Wengine kwao kuna upara, kwetu kuna hili. Bibi, aliyemzaa mama, lilimpata akiwa msichana, likamwachia. Mjomba lilimrudia mara mbili, mara kulia, mara kushoto, kama mtu anayejaribu kofia dukani. Mama lilimkamata na halikumwachia tena. Mama mdogo ndiye pekee aliyepitwa, na mpaka leo hutembea kwa hadhari kama kuku aliyesalimika siku ya wageni.

Chanzo hakijulikani. Madaktari walisema hawajui. Majirani, ambao hawakusomea lolote, ndio waliokuwa na majibu: kofi la jini, laana ya babu, choyo. Shuleni waliniita Mtoto wa Mdomo Kombo, na nikajifunza mapema kumwambia mama kwamba vikao vya wazazi vimeahirishwa.

Yeye mwenyewe alikuwa ameugawa uso wake kama watu wanavyogawa nyumba. Shavu la kulia, lililokuwa zima, lenye kidoa cheusi chini ya jicho, aliliita upande wa wageni. La kushoto aliliita upande wa nyumbani.

Wageni wakija, alikaa kwa kujipanga, kushoto kwake ukuta. Wakiondoka, alitugeukia na uso wake wote, akacheka mdomo ukikimbilia upande mmoja, na lile jicho lisilofunga likachuruzika machozi. "Leteni ndoo," alikuwa akisema. "Paa linavuja."

Tulikuwa tukicheka naye. Nje ya mlango sikucheka.

Mimi ni mpiga picha. Naona mwanzo wa yote uko hapo.

Nafanya kazi katika studio ya mzee mmoja ambaye mji mzima humwita Mzee Flashi. Yeye anapiga, mimi ninapiga na kusafisha. Kusafisha ni kuketi kwenye kompyuta na kumfuta mteja chunusi, jasho na usingizi. Mzee alinipa sheria moja tu siku ya kwanza: "Chunusi futa, alama ya kuzaliwa acha. Mtu asipoiona alama yake, hajijui."

Tuliporudi kutoka kuzika, mama mdogo aliniita. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini kazi alikuwa ameishika yote yeye: viti, maji, wapishi.

"Mwanangu, tafuta picha ya dada tuiweke pale mezani. Watu wanaingia, hawaoni wamekuja kumlilia nani."

Nikaenda studio, nikafungua mafaili. Picha za mama zote zilikuwa za upande wa wageni. Moja tu ilitazama mbele, ile niliyompiga ya kitambulisho cha kazini. Alikuwa akishona sare kiwandani, na kiwanda hakikukubali picha ya shavu. Alipoacha kazi walichukua kitambulisho chao, ikabaki ile iliyomo kwenye kompyuta yangu.

Siku ile ya kuipiga alikaa kitini, akaniuliza, "Nikae na uso wote?"

"Ndiyo mama, ndivyo wanavyotaka."

"Haya. Wakiogopa, watajijua wenyewe."

Na akacheka. Nilimpiga akicheka.

Sasa ilikuwa mbele yangu, mdomo umekwenda kombo, jicho limelowa, furaha imemjaa. Nikawaza wanaokuja msibani. Nikamwaza mama wa mchumba wangu. Ile ajali ya pikipiki ilikuwa ya "zamani sana", na zamani kabla ya ajali mama alikuwa na uso mzima, si ndiyo?

Nikaukata uso wa mama katikati. Nusu ya kushoto nikaifuta. Nusu ya kulia nikainakili, nikaigeuza, nikaiunganisha na nyingine. Fundo la kilemba lilijitokeza pande zote mbili kama masikio ya paka, nikalifuta moja. Ngozi nikailainisha. Mikono yangu ilikwenda haraka, kama inavyokwenda siku zote, na nilipomaliza nikabonyeza kuhifadhi.

Nikaichapa kubwa, nikaitia kwenye fremu nyeusi.

Niliona nimemfanyia mama jambo jema. Mungu anisamehe.

Mchumba wangu ni mpima ardhi. Kwa jina la kazi yake ndivyo anavyojulikana: Mpimaji. Ni mtu wa mistari iliyonyooka. Akiingia nyumba ya watu na kukuta kalenda imeinama, hatakaa mpaka ainyooshe. Nilikuwa nikimtania kwamba siku ya harusi atanipima kwanza kwa timazi, kama ukuta.

Alipofika msibani na mama yake, alikwenda moja kwa moja mezani, akainyoosha ile fremu kwa vidole viwili. Mama yake akasimama mbele ya picha, mikono kifuani.

"Lo," akasema. "Kumbe mwenzetu alikuwa mzuri hivi."

"Alikuwa mzuri, Mama," nikasema.

"Ajali ni kitu kibaya. Angalia sasa, sura yote hii!"

Wanawake waliokuwa kwenye mkeka wakageuka kumtazama. Ajali? Jirani yetu mmoja, ambaye tunamwita Redio, alifungua mdomo. Nikamkazia macho. Akaufunga, kwa shida.

Wakati huo mama mdogo akatoka uani, anajifuta mikono kwenye nguo. Akaiona picha. Akaisogelea. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyu nani?"

"Mama," nikasema.

"Mama wa nani?"

"Mama mdogo, jamani. Mama yetu."

"Nakuuliza, huyu nani? Mimi dada yangu nimelala naye kitanda kimoja mpaka akaolewa. Dada yangu alikuwa na kidoa kimoja." Akagonga kioo kwa kucha, kulia, halafu kushoto. "Huyu anavyo viwili. Kama karata."

Nilitazama. Chini ya jicho la kulia, kidoa. Chini ya jicho la kushoto, kidoa. Vimekaa sawasawa, vinanitazama. Alama ya kuzaliwa acha. Niliiacha, na nilipoigeuza nusu ile, nikaizaa mara ya pili.

Mtu mmoja mkekani alicheka, halafu akajifanya anakohoa. Kicheko cha msibani ni kama moto wa makuti, mwingine akadaka, mwingine akadaka. Redio alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika.

Mama wa Mpimaji hakucheka. Alirudi mbele ya picha, akatazama upande huu, akatazama upande huu, bila haraka, kama mtu anayechagua kitambaa. Kisha akanitazama mimi.

"Labda ni kompyuta," akasema kwa upole. "Siku hizi kompyuta zinakosea sana."

Upole wake ulinichoma kuliko matusi.

Mama mdogo alinishika mkono wa juu, akanivuta mpaka stoo, akafunga mlango kwa kisigino.

"Umemfanya nini dada yangu?"

"Nimemsafisha tu. Nilitaka watu wamwone mzuri."

"Nani alikuambia alikuwa mbaya?"

Nikaanza kuokota punje za mchele sakafuni.

"Na hiyo ajali ni ipi? Nani aligongwa kwenye ukoo huu bila mimi kuambiwa?"

Nikamweleza. Nilimweleza nikitazama magunia. Nilipofika pale mama alipovuta shuka, mama mdogo aliinua kiganja, nikanyamaza.

"Alisikia?"

"Alisikia."

Akakishusha kile kiganja. Halafu akasema, sauti imeshuka, "Basi sikiliza. Yaliyopita hatuyarudishi. Ile takataka iondoe pale mezani. Weka ile ya kazini, anayocheka. Mtu akiuliza, mwambie hivi ndivyo alivyokuwa, na aliyeudhika mlango anaujua."

"Mama mdogo..."

"Nini tena?"

"Nilihifadhi juu ya ile ile."

"Ndiyo kusema nini? Nizungumzie Kiswahili, mimi si kompyuta."

"Ile ya zamani haipo. Hii imekaa mahali pake."

"Itafute nyingine."

"Hakuna nyingine. Nyingine zote ni za upande mmoja."

Kulikuwa na ndoo imefunikwa. Akaikalia. Mwanamke ambaye hakuwa amekaa tangu msiba uanze, akakaa.

"Dada yangu kazaa mpiga picha," akasema, "na hana picha." Halafu akaongeza, si kwa hasira, "Sisi tumemzika mara moja, mwanangu. Wewe umemzika mara mbili."

Ile fremu niliitoa mezani nikaificha nyuma ya kabati. Meza ikabaki na kitambaa kitupu. Waliokuja baadaye walililia kitambaa.

Na kile nilichokiogopa zaidi kikaanza pale pale. Nikijaribu kuukumbuka uso wa mama, ulinijia ule wa vidoa viwili. Nikifumba macho, huo. Nikilala, huo. Nilimtafuta mama yangu kichwani mwangu mwenyewe, na nilikuwa nimemfuta humo pia.

Baada ya msiba kuisha nikaanza kusikia maumivu nyuma ya sikio la kulia. Nikadhani ni kulia kwingi. Sauti zikawa kali upande huo. Mtu akiweka kijiko kwenye sahani, nilishtuka.

Asubuhi moja nilikuwa napiga mswaki. Nikasukutua, nikataka kutema, maji yakanitoka yenyewe pembeni mwa mdomo, yakashuka kidevuni mpaka kifuani. Nikayafuta. Nikajaribu tena. Yakashuka tena.

Nikainua uso, nikatazama kioo.

Mama alikuwa humo.

Naomba mnielewe, sisemi habari za mizimu. Uso wangu ulikuwa umepooza kulia, wa mama kushoto. Lakini kioo hugeuza, kazi yetu inatufundisha hivyo. Kwa hiyo aliyekuwa ananitazama pale alikuwa na upande wa nyumbani palepale alipokuwa nao mama, nikikaa mbele yake kuchambua mchele. Mdomo ulivyokwenda. Jicho lilivyobaki wazi. Hata lile tone.

Nilichokifuta mimi, kioo kilikuwa kimenirudishia.

Nilipaswa kulia kwa hofu. Nililia kwa aibu, kwa sababu kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa "maskini mimi". Kilikuwa "huyo hapo". Nilimwona mama kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na cha pili nilichofanya, hata dakika haikupita, nilichukua taulo nikamfunika.

Daktari alikuwa kijana, mchangamfu.

"Inua nyusi. Zote mbili. Ehe, ya kulia imegoma. Funga macho, kaza. Piga mluzi."

Mluzi ukatoka upepo mtupu.

"Usiogope, hiki si kiharusi," akasema. "Ni mshipa wa fahamu wa uso. Kwa nini unavimba, mara nyingi hatujui. Wengi hupona, hasa wakiwahi kama wewe. Nitakupa vidonge na dawa ya matone, na ukilala ulifunge hilo jicho kwa plasta lisikauke." Akashika kalamu. "Kuna familia chache ambazo hali hii inajirudia. Kwenu kuna aliyewahi kupata?"

Mlango ulikuwa umefungwa. Tulikuwa wawili tu. Mtu mwenyewe ni wa kunitibu.

"Hakuna," nikasema.

Hata sijui nilimficha nani. Ulimi ulikuwa umezoea njia, ukaenda.

"Hakuna kabisa? Mama, baba?"

"Hakuna, daktari."

Akaandika hakuna. Nikatoka mle nimemkana mama mara ya pili, na safari hii hakuwapo hata wa kunigeuzia mgongo.

Nikavaa barakoa. Mpimaji nikamwambia kwa ujumbe kwamba nina mafua makali, asije, nitamwambukiza. Alituma ujumbe asubuhi, mchana na jioni. Nami nilijibu vizuri sana, maana vidole havikupooza.

Kazini, Mzee Flashi alinichunguza tangu naingia.

"Una nini?"

"Mafua, Mzee."

"Mafua ya wapi haya, hayana hata chafya?"

"Yanakuja ndani kwa ndani."

Akachukua kamera ndogo iliyokuwa mezani, akaninyooshea, akafyatua flashi. Akatazama kioo cha nyuma ya kamera, kisha akanigeuzia. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba. La kulia limekodoa.

"Binti, mimi kazi yangu yote ni kugombana na watu wanaofumba macho," akasema. "Jicho lisilofumba silikosei."

Nikavua barakoa. Alitazama, akakuna kidevu.

"Kama mama yako."

"Kama mama."

"Yule mwanamume anajua?"

"Hajui. Mzee, yeye fremu ikiinama tu halali. Atanitazamaje mimi? Na mama yake nilimwambia..." Nikashindwa kumalizia.

Mzee Flashi si mtu wa mawaidha. Alizunguka studio akiwasha taa zake, kisha akasema, "Sawa. Wewe leo kaa nyuma ya kamera. Nyuma ya kamera hata shetani ni mzuri."

Nikakaa huko. Niliwapiga wanafunzi, nikampiga mzee wa pasipoti, nikampiga mtoto aliyelia mpaka mama yake akalia. Hakuna aliyenitazama. Nikaanza kufikiri kwamba maisha yote yanaweza kwenda hivyo, mtu akijua kujipanga. Mama alikaa na ukuta. Mimi nitakaa na kamera.

Ndipo nikasikia viatu ninavyovifahamu.

"Mwenye mafua yuko wapi?"

Mpimaji alikuwa ameshika chupa ya dawa ya kikohozi, ile ya watu wazima. Nyuma yake alikuwa mama yake, amevaa nguo za kutokea.

"Usiniambie nisikaribie," akasema. "Nimeshakaribia. Baba mkubwa amepiga simu kutoka huko aliko, anataka kumwona mkwe wake. Mama amesema tuje tupige picha tumtumie, tumalize maneno."

"Leo?" nikasema ndani ya barakoa.

"Leo, kwani kesho uso utabadilika?" Akacheka. Akapita ukutani, picha moja ya bwana harusi ilikuwa imeinama, akainyoosha.

"Ninaumwa, jamani. Nitatoka vibaya."

"Si wewe ndiye msafishaji?" akasema mama yake. "Utajisafisha."

Hakulisema kwa ukali. Lakini nililisikia lote.

Studio yetu ina mapazia mawili. Moja linakwenda mlangoni na barabarani. La pili linakwenda ndani, penye taa, kitambaa cheupe na benchi la watu wawili. Benchi hilo ni kuukuu. Mtu akikaa, linalia.

Mzee Flashi alinitazama, akatazama kamera yake, akaanza kukifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Hakunisaidia. Nadhani hakukuwa na msaada.

Nikaenda nikakaa. Benchi likalia. Taa zikanipiga usoni, na machozi ya jicho la kulia yakaanza kuingia kwenye barakoa.

"Mwanangu, kaa naye," mama yake akamwambia Mpimaji.

"Avue kwanza hiyo," Mpimaji akasema, anatabasamu. "Baba mkubwa atadhani naoa muuguzi."

Alikuwa amesimama kati ya mapazia yale mawili, la ndani limefunguka nusu, chupa bado mkononi.

Nilifikiri kukaa upande. Shavu la kushoto lilikuwa zima. Nilijua mwanga ulipo, nilijua shingo inavyogeuzwa, nimewageuza mamia. Ningetoa barakoa polepole, nikatazama pembeni kama bibi harusi mwenye haya, na picha ingepita. Mama alinifundisha hivyo bila kunifundisha.

Na mama huyo huyo aliniuliza siku moja, kwenye benchi hili hili: nikae na uso wote?

Nikaitoa kamba ya sikio la kushoto. Nikaitoa ya kulia. Nikatazama mbele.

Tabasamu la Mpimaji halikuondoka mara moja. Lilibaki pale midomoni, limesahauliwa, kama taa ya nje mchana.

Feni ilizunguka.

Mama yake akasogea hatua, akasimama mbele yangu alivyosimama mbele ya ile fremu. Upande huu. Upande huu.

"Na wewe," akasema taratibu, "umeanguka na pikipiki?"

Aliyepooza uso anajua. Kuna maneno yanahitaji midomo miwili, na mimi nilikuwa na mmoja na nusu. Nilianza kusema kitu, sijui nilitaka kusema nini. Naogopa kwamba nilitaka kukubali. Nilianza, upepo ukanitoka pembeni, mate yakafuata. Nikajifuta kwa kiganja. Mbele yao.

"Hapana, Mama," nikasema, nikishikilia mdomo kwa kidole uende sawa. "Hakukuwa na ajali. Ni hali ya kwetu. Bibi. Mjomba. Mama yangu. Sasa mimi. Haijulikani inatoka wapi. Nilikuambia uongo, na mama yangu alikuwa anasikia."

Mama wa Mpimaji akakitazama kile kidole.

"Na watoto?" akauliza. Hakuniuliza kwa dharau. Aliuliza kama mama.

"Sijui, Mama. Inaweza kuwapita. Inaweza kuwapata. Sijui."

Nikayainua macho kumtafuta Mpimaji, nione atakachofanya na kitu kilichoinama namna hii.

Hapo flashi ikafyatuka.

"Samahani," akasema Mzee Flashi nyuma ya kamera. "Kidole."

Kidole kile hakijawahi kukosea. Ndani ya kamera ile sasa kulikuwa na uso wa kwetu unaotazama mbele, upande wa wageni na upande wa nyumbani pamoja, na hakuna wa kuukata.

Lakini mimi sikuona kitu. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba lenyewe. La kulia lilikuwa wazi, limejaa weupe na maji. Nikasikia chupa ya dawa ikiwekwa juu ya meza. Nikasikia viatu. Nikasikia pete za pazia zikikwaruza kwenye chuma, na kwa sauti sikuweza kujua ni pazia lipi, la barabarani au la ndani.

Nikashika ukingo wa benchi, nikangoja kusikia kama litalia kwa uzito wa mtu wa pili.